Fort Jesus ya Mombasa: kwa nini ngome imara hivi ilitekwa mara nyingi hivi?

Mgeni anayetembezwa Fort Jesus kwa mara ya kwanza hutajiwa hesabu moja ambayo haimtoki kichwani: kati ya mwaka 1631 na 1875 ngome hii ilitoka mkono mmoja kwenda mwingine mara tisa. Kisha humwagiwa majina. Wareno, Yusuf bin Hasan, Waomani, Wareno tena, watu wa Mvita, Mazrui, Seyyid Said, Akida, Waingereza. Akifika mlango wa kutokea, majina yote yamegeuka mseto, na swali lenye uzito zaidi halijaguswa: ikiwa kuta ni nene kiasi kile, na mizinga ilikuwa imeelekezwa baharini usiku na mchana, ilikuwaje kila aliyeishika akaipoteza?

Fort Jesus ilijengwa kumzuia adui mwenye meli na mizinga, na kazi hiyo iliifanya vizuri kuliko wengi wanavyodhani. Lakini haikujengwa kuzuia njaa wala maradhi. Haikuweza kumzuia mgeni aliyeingia mlangoni kwa salamu, wala mji uliokuwa umemchoka mtawala wake. Ukizifuata habari zake kwa njia hii, zile zamu nyingi zinaanza kueleweka.

Kwa nini Mombasa, na kwa nini 1593

Wareno walikuwa wamekaa pwani hii karibu karne nzima kabla ya kuwekwa jiwe la msingi. Vasco da Gama alipopita Aprili 1498 hakupata makaribisho Mombasa, akayapata Malindi, na tangu hapo Malindi ikawa rafiki na Mombasa ikawa hasimu. Francisco de Almeida aliuteketeza mji wa Mombasa mwaka 1505. Nuno da Cunha akaja kuufanya vivyo hivyo mwaka 1528. Kila mara walichoma, wakapora, wakaondoka, na kila mara mji ukajengwa upya, kwa sababu bandari yake ilikuwa bora kuliko ya Malindi na wafanyabiashara hawakuacha kuja.

Kilichowafanya wabaki ni Waturuki. Mwaka 1585 nahodha wa Kituruki aitwaye Mir Ali Bey alishuka kutoka Bahari ya Shamu, na miji mingi ya Waswahili ikampokea kama mkombozi. Alirudi mwishoni mwa 1588 na kujiimarisha Mombasa. Wareno wa Goa, makao yao makuu huko India, wakatuma kundi kubwa la meli chini ya Tomé de Sousa Coutinho, ambalo lilifika mapema 1589 na kukuta jambo la kutisha: upande wa bara, kwenye kivuko cha Makupa, walikuwa wamepiga kambi Wazimba, jeshi lililopanda kutoka kusini likiangamiza miji njiani. Mombasa ikabanwa baharini na nchi kavu kwa wakati mmoja. Wazimba walivuka, mji ukaanguka, Mir Ali Bey akatekwa na kupelekwa Goa. Wazimba nao wakaelekea Malindi, na huko wakavunjwa na Wasegeju.

Baada ya hapo Mombasa ilishikwa na Malindi kwa msaada wa Wasegeju haohao, na Wareno wakahamia pamoja na rafiki yao. Sheikh Ahmad wa Malindi akawa mfalme wa Mombasa kwa ahadi ya kupata sehemu ya mapato ya forodha. Ahadi hiyo ya ushuru, ambayo makapteni wa ngome waliipuuza kila walipoweza, itawatokea puani baadaye.

Ramani ya Mtaliano na mawe ya matumbawe

Jiwe la msingi liliwekwa tarehe 11 Aprili 1593. Mchoraji alikuwa Giovanni Battista Cairati, Mtaliano wa Milan aliyekuwa mjenzi mkuu wa ngome za Wareno huku Mashariki. Wakati huo Ureno na Hispania zilikuwa chini ya mfalme mmoja, Philip wa Pili. Ukitaka kujua nani alikuwa nani, soma majina ya buruji nne za pembeni. San Felipe ni ya mfalme mwenyewe, San Alberto ni ya mwakilishi wake mjini Lisbon, San Matias ni ya gavana wa Goa Matias de Albuquerque, na San Mateus ni ya Mateus Mendes de Vasconcelos, kapteni wa kwanza wa ngome. Ngazi nzima ya utawala, kutoka juu hadi chini, imeandikwa kwenye pembe nne.

Waashi walitoka India na vibarua wengi Malindi. Mawe hayakutafutwa mbali: ngome imekaa juu ya mwamba wa matumbawe, na handaki linaloizunguka upande wa nchi kavu lilichongwa ndani ya mwamba huohuo. Watembezaji hupenda kusema kwamba ukiitazama kutoka juu unaona mtu amelala chali, kichwa, mikono na miguu. Wataalamu wa usanifu huieleza kwa namna inayofanana: wajenzi wa Italia wa zama hizo waliamini vipimo vya mwili wa mwanadamu ndivyo vipimo kamili vya jengo. Mimi naona umbo hilo linaeleweka zaidi kwa hesabu ya mizinga. Buruji mbili za upande wa nchi kavu zimetokeza nje na kutazamana, hivi kwamba adui anayeukaribia ukuta wa moja hupigwa kutoka ubavuni na ile nyingine. Hakuna pembe ya kujificha chini ya ukuta. Hiyo ndiyo iliyokuwa elimu mpya ya enzi ya baruti, na Cairati aliijua barabara, ingawa alifariki Goa mwaka 1596.

Udhaifu wake unaonekana kwenye ramani ya kisiwa. Mombasa ina njia mbili za meli kuingilia. Upande wa kaskazini-mashariki kuna mlango wa Bandari ya Kale, yalikotia nanga majahazi ya India na Arabuni, na hapo ndipo ngome ilipo. Upande wa pili kuna Kilindini, ambako mizinga ya Fort Jesus haifiki. Nyuma kuna Makupa, ambako maji yakikupwa watu waliweza kuvuka kwa miguu kutoka bara. Wareno walijenga vibanda vidogo vya ulinzi Makupa, lakini chakula chote cha kisiwa kilitegemea kivuko hicho, na kivuko kilitegemea radhi ya Wamijikenda. Kwa miongo mingi Wareno waliwalipa watu wa bara nguo ili njia ibaki wazi. Ngome iliyolindwa kwa mizinga upande wa mbele ililindwa kwa majora upande wa nyuma.

Yusuf bin Hasan

Mfalme Ahmad alipofariki, mwanawe Hasan akagombana na makapteni juu ya mapato na heshima. Mwaka 1614 alikimbilia bara, Rabai, akauawa huko kwa malipo ya Wareno, na kichwa chake kikapelekwa Goa. Mwanawe Yusuf, mtoto mdogo, naye akapelekwa Goa, na akalelewa na mapadri wa shirika la Mtakatifu Agostino. Akabatizwa Dom Jerónimo, akafunzwa vita baharini, akaoa. Mwaka 1626 Wareno walimrudisha Mombasa kama mfalme, wakiamini wamepata mtawala Mswahili mwenye moyo wa Kireno.

Miaka mitano ilitosha kuwaonyesha walivyokosea. Makapteni walimdharau kama walivyomdharau babake. Inasimuliwa kwamba alionekana akisali Kiislamu kwenye kaburi la babake, habari zikamfikia kapteni Pedro Leitão de Gamboa, na ukapangwa mpango wa kumrudisha Goa kuhukumiwa. Tarehe 16 Agosti 1631 Yusuf aliingia ngomeni na watu wake kama mgeni anayekwenda kumjulia hali kapteni, akamchoma kisu. Walinzi waliuawa, mji ukaamka, na katika siku zilizofuata Wakristo waliokataa kusilimu waliuawa, Wareno na Waafrika, wanawake kwa watoto. Zaidi ya watu 150 walipoteza maisha. Simulizi zetu humpamba Yusuf kama shujaa, na uchungu wake unaeleweka vizuri, lakini wale waliouawa mjini baada ya ngome kushikwa hawakuwa askari, na haifai kulipita jambo hilo kimya.

Mapema 1632 Wareno walileta meli kutoka Goa kuirudisha ngome, na hapo Fort Jesus ikaonyesha ubora wake dhidi ya walioijenga. Walishindwa, wakaondoka. Yusuf hata hivyo alijua hana chakula cha kudumu wala marafiki wa kutosha kando ya pwani. Mwezi Mei akabomoa alichoweza, akapanda meli aliyoiteka, akaondoka. Aliishi kama mtekaji wa baharini hadi kuuawa 1638 katika Bahari ya Shamu. Wareno waliingia ngome tupu.

Juu ya lango bado kuna jiwe la kapteni Francisco de Seixas de Cabreira, aliyeshika wadhifa huo mwaka 1635 akiwa na umri wa miaka 27. Linajivunia alivyoijenga upya ngome, alivyoiadhibu miji ya Pate na Siyu huko Lamu na kubomoa kuta zao, alivyowaua wakuu wa Pemba, alivyowatoza kodi wafalme wa pwani. Kijana huyo aliandika ushindi wake. Mimi nikisoma naona orodha ya watu ambao miaka 60 baadaye hawangekuwa na sababu hata moja ya kuwasaidia Wareno.

Miezi 33

Waomani waliwatoa Wareno Maskati mwaka 1650, na miji ya pwani ikaona mlango umefunguka. Watu wa Mombasa walituma ujumbe kwa Imamu, mtawala wa Oman, kuomba msaada, na mashambulizi ya hapa na pale yakaanza. Machi 1696 jeshi la Imamu Saif bin Sultan likafika kwa nguvu. Halikujipeleka mbele ya mizinga ya Fort Jesus. Liliingia Kilindini, likavuka kisiwa, likaushika mji, na kuizingira ngome kutokea nchi kavu. Pate nayo ilikuwa pamoja nalo.

Vitabu vya shule vimezoea kuviita vita hivi vita vya Wareno na Waarabu. Tuangalie nani alikuwa ndani. Wareno walikuwa kiasi cha 50 hadi 70 tu. Wengine, mamia kwa mamia, walikuwa watu wa pwani: Waswahili wa Faza, hasimu wa zamani wa Pate, jamaa wa Malindi, na Waafrika wengine wengi, pamoja na wake na watoto. Pate ikiwa nje, Faza ilikuwa ndani. Ugomvi wa miji miwili ya kisiwa kimoja huko Lamu ulikuwa umepanda pande zote mbili za ukuta wa Mombasa.

Msaada kutoka Goa ulikuja mwishoni mwa 1696, lakini muda mfupi baadaye ugonjwa mkali ukaingia ngomeni na kuua zaidi kuliko risasi. Watu walijaa mahali padogo, chakula kibovu, maji ya birika ya kupimwa. Mwishoni mwa Agosti 1697 Wareno wote waliokuwa wanalinda walikuwa wamekufa. Wote. Aliyebaki kuishika Fort Jesus, ngome ya mfalme wa Ureno, alikuwa Bwana Daud wa Faza, pamoja na jamaa zake 17, Waafrika wanaume wanane na wanawake wa Kiafrika wapatao 50. Kwa wiki kadhaa watu hao waliwazuia askari wa Imamu kupanda kuta, mpaka meli za Wareno zilipotokea Septemba.

Miongoni mwa meli hizo ilikuwa Santo António de Tanná, iliyojengwa Bassein, India, mwaka 1681. Ilitia nanga mbele ya ngome, kamba zake zikakatwa na risasi, na Oktoba 1697 ikazama chini kabisa ya kuta. Wazamiaji waliyapata mabaki yake katika miaka ya 1960, na kati ya 1977 na 1980 wataalamu wa elimukale ya majini wakafanya kazi humo pamoja na Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Mizinga, vyombo vya kaure, mitungi na vitu vya mabaharia vilipandishwa, na sehemu yake imo ndani ya makumbusho ya ngome leo.

Vita vikaendelea mwaka mwingine mzima. Tarehe 13 Desemba 1698 Waomani walipanda ukuta na kuingia. Waliobaki kuwapinga hawakufika 20. Baada ya siku chache tu meli nyingine za msaada zilifika kutoka Goa, zikaona bendera nyekundu juu ya ngome, zikageuza tanga.

Kutoka Imamu hadi Mazrui

Hapa ndipo wengi hupotea njia, kwa hiyo twende haraka lakini kwa mpangilio. Oman iliingia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, na mwaka 1728 Wareno wakarudi wakisaidiwa na Pate ileile iliyowatoa. Walikaa mwaka mmoja na ushee. Hawakuwa wamejifunza kitu. Waliwatesa watu wa mji, na mji ukaasi. Walijifungia ngomeni bila chakula, na Novemba 1729 wakasalimu amri. Ushindi huu ulikuwa wa watu wa Mombasa wenyewe, na nashangaa hautajwi zaidi. Ndio waliowafukuza Wareno kwa mara ya mwisho. Waliposhika ngome wakatuma wajumbe Oman, na Imamu akaleta maliwali.

Mmoja wa maliwali hao alikuwa Muhammad bin Uthman al-Mazrui. Ukoo wa Yarubi, wa maimamu wale, ulipoanguka Oman na ukoo wa Albusaidi kushika hatamu katika miaka ya 1740, Muhammad alikataa kumtii mtawala mpya. Watu wakatumwa kutoka Oman wakijifanya wakimbizi, akawapokea, wakamuua. Nduguye Ali alifungwa ndani ya ngome, akatoroka, akajificha bara, kisha akarudi na marafiki wa Kimijikenda, wakaweka ngazi usiku na kuichukua. Mara nyingine tena bara ndiko kulikoamua.

Mazrui walitawala karibu miaka mia, wakiwategemea Thalatha Taifa na Tisa Taifa, miungano miwili ya koo za Waswahili wa Mvita, yaani Mombasa, na wakila yamini za urafiki na wazee wa Mijikenda. Waliishi humo kama wenyeji: nyumba ya Kiomani iliyo juu ya buruji ya San Felipe, pamoja na nakshi na maandishi ya Kiarabu kwenye mbao, ni kumbukumbu ya zama zao. Mwaka 1814 hivi, inasimuliwa, liwali Abdallah bin Ahmad alimpelekea Seyyid Said, mtawala wa Oman wa ukoo wa Albusaidi, deraya, kibaba, baruti kidogo na risasi chache, na Said akaelewa kwamba anatangaziwa vita. Mwaka 1824 wakajaribu kinga nyingine: wakamwomba Kapteni William Owen wa jeshi la majini la Uingereza apandishe bendera ya Uingereza. Serikali ya London ilikataa, na bendera ikashushwa 1826.

Said aliingia ngomeni kwa mapatano mwaka 1828, akaacha askari wake humo na kuondoka. Mazrui wakawazingira askari hao mpaka njaa ikawatoa. Mizinga ya Said haikufua dafu tena katika safari zilizofuata. Kilichompa ngome hatimaye ni mpasuko wa ndani: Mazrui waligombea uliwali wao kwa wao, na Thalatha Taifa wakaelekea upande wake. Mwaka 1837 aliipata bila vita vya maana. Wakuu wa Mazrui walialikwa ngomeni, wakakamatwa, na kupelekwa Bandar Abbas wasirudi.

Siku mizinga iliposhinda kweli

Kuna zamu moja ambapo mizinga iliamua kila kitu, nayo ni ya 1875. Muhammad bin Abdallah, akida wa askari wa ngomeni, aliasi dhidi ya Seyyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, akapigana na mji na kuuchoma sehemu. Januari mwaka huo manowari mbili za Kiingereza, Nassau na Rifleman, ziliishambulia ngome kwa makombora, na akida akasalimu amri. Kazi iliyowachukua watu wa Imamu miezi 33 ilichukua muda mfupi kabisa. Matumbawe yalivumilia risasi za mviringo za karne ya 17, hayakuweza kuvumilia makombora ya zama za chuma na mvuke.

Tangu hapo Fort Jesus haikuwa tena silaha. Waingereza waliigeuza jela mwaka 1895, na ikabaki jela hadi 1958. Katika muda huo wote kuna jambo ambalo Wakenya wengi hushtuka wakiambiwa. Ukanda wa maili kumi wa pwani ulikuwa bado ni wa Sultani wa Zanzibar kisheria, Uingereza ikiusimamia kwa niaba yake, na bendera nyekundu ya Sultani iliendelea kupepea juu ya ngome. Ukanda ulikabidhiwa Kenya kwa makubaliano ya Oktoba 1963 kati ya Jomo Kenyatta na Muhammad Shamte, waziri mkuu wa Zanzibar. Ukihesabu kwa haki, basi, Fort Jesus ilibadilisha mkono kwa mara ya mwisho mwaka huo, kwa barua.

Uchimbaji wa kitaalamu ulianza 1958 chini ya James Kirkman, kwa fedha za wakfu wa Gulbenkian wa Ureno, na makumbusho yakafunguliwa 1960. Mwaka 2011 UNESCO iliiingiza katika Urithi wa Dunia, eneo la hekta 2.36 pamoja na handaki. Miaka ya karibuni mawimbi yameula mwamba uliobeba kuta za upande wa bahari, na ukuta wa kuzuia maji umejengwa chini yake. Ulizua ubishi, wengine wakisema unaharibu sura ya asili. Mimi niko upande wa waliojenga, maana sura bila msingi haidumu.

Ndani ya makumbusho, simama kwenye ukuta uliochorwa na askari Wareno kwa mkaa na udongo mwekundu: merikebu, samaki, watu, makanisa. Wanafunzi huletwa hapo kwa mabasi, na aghalabu huanzishiwa kwa Vasco da Gama. Ningependa waanze na Bwana Daud na wale wanawake 50 ambao majina yao hayakuandikwa popote, walioishika ngome wakati ambapo hakukuwa na Mreno hata mmoja hai ndani yake.